Skana yangu ilikuwa kiziwi

Samahani kwa kimya cha wiki nzima. Mamangu alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, Kisumu hadi Nairobi, nami nikamwahidi nitamfuata kwenye kompyuta. Ndege nyingi hutangaza mahali zilipo kwa megahezi 1090, na skana yangu ndogo ya USB huzinasa. Lakini usiku wa kuamkia safari ilinasa ndege 2 tu.

Mimi ni mtu wa programu, basi nikalaumu programu. Nikaiweka upya mara 3. Wapi!

Alfajiri nikapima antena: sentimita 60, urefu wa kusikilizia marubani kwenye megahezi 120 hivi. Sasa gawanya 300 kwa 1090 upate urefu wa wimbi kwa mita, kisha chukua robo yake: karibu sentimita 7. Nikaifupisha, nikaitoa dirishani, nikachomoa chaja ya kompyuta iliyokuwa inaleta kelele. Ndege 14!

Ndugu msomaji, anza na antena.

Ya Mama ilitokea karibu na Naivasha. Nilipomwambia nilimwona, akaniuliza, "Na mbona hukunipungia mkono?"