Nilimdhania Bibi, Kumbe Bwana!

Ikiwa mwanao anakusumbua umnunulie samaki wa mapambo, nisikilize kwanza kabla hujatoa pesa. Mimi nilijifanya mjuzi, na ujuzi wangu ukamliza binti yangu.

Sisi ni wakazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, hapa Mombasa. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 11, aliweka akiba pesa zake za Idi mpaka zikatosha kununua samaki watano wa kutia katika tangi letu la vioo. Nia yake ilikuwa azalishe, auze vifaranga, ajilipie nauli ya safari ya shule.

Samaki wenyewe asili yao ni Ziwa Nyasa. Ni wa jamii ya sikilidi, jamii moja na perege na ngege tunaowala. Wale wakaao kwenye miamba ya ziwa hilo huitwa mbuna, na hawa wetu walikuwa mbuna wa aina ya kenyi. Watatu walikuwa wa buluu wenye milia ya giza, wawili wa manjano.

Nilipowaona tu nikatoa hukumu: wa buluu ni madume, wa manjano ni majike. Nani asiyejua kuwa jogoo ndiye mwenye mapambo?

Binti yangu akaniuliza, "Baba, mbona hawa wa manjano ndio wanaowafukuza wenzao?"

Nikamjibu kwa kicheko, "Mama, hao ni wanawake. Wanagombania bwana."

Siku ya tatu asubuhi tulimkuta mmoja wa manjano amekufa, mapezi yametafunwa. Mtoto alilia hata chai hakunywa.

Jioni nilikwenda Ndia Kuu kwa mzee mmoja aliyefuga samaki tangu ujana wake. Barazani, mbele ya dele la kahawa, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. "Bwana wee, umefungia mabwana wawili chumba kimoja!"

Kumbe kenyi ni kinyume cha nilivyodhani. Wakiwa wachanga, wote ni buluu. Dume akipevuka hugeuka manjano. Jike hubaki na buluu yake. Lakini hata hapo usiitegemee rangi peke yake, kwa kuwa dume anayeonewa huweza kukawia na buluu kwa kumwogopa mkubwa wake.

Alama ya pili ni madoa ya manjano yaliyo kwenye pezi la chini, nyuma ya tundu la haja. Yamefanana na mayai, na kwa dume huonekana wazi zaidi. Jike hutaga juu ya jiwe, akayaokota mayai yake kwa mdomo. Anapoyadonoa yale madoa ya dume akidhani ni mayai, hupata mbegu za kuyarutubisha. Ila majike wengine nao wana madoa, kwa hiyo usiape.

Njia ya kuaminika ni kumtazama chini. Lowesha mkono, mshike taratibu, mgeuze tumbo juu kwa sekunde chache. Utaona vitundu viwili: cha mbele ni cha haja, cha nyuma ni cha uzazi. Vikiwa vinalingana, huyo ni dume. Cha nyuma kikiwa kikubwa zaidi, ni jike.

Mzee akaniusia pia: dume mmoja kwa majike watatu au zaidi, ili ukali wake ugawanyike, na mawe mengi yenye mapango ya kujificha. Mawe ya matumbawe, kama yale yaliyojengea nyumba zetu za kale, yanafaa sana, mradi yaoshwe chumvi itoke, kwani maji ya Ziwa Nyasa hayana ukali wa ndimu hata kidogo. Na maji ya mfereji yalale kwanza, dawa ipungue.

Nilirudi nyumbani, nikamwita binti yangu, nikamwomba radhi. Si jambo jepesi kwa baba, lakini yeye aliona kwa macho, mimi nilitazama kwa mazoea. Tuliwakagua wote pamoja: wale watatu wa buluu walikuwa majike.

Siku zikapita, mmoja akaacha kula, kidevu kimevimba. Alikuwa amebeba mayai kinywani! Baada ya wiki tatu hivi akatema vifaranga, wadogo kama punje za mchele.

Safari ya shule ilifika kabla hawajafikia kuuzwa. Nauli nililipa mimi, nikaihesabu kuwa ni faini.

Sasa kila nikitoa hukumu ya haraka pale nyumbani, kuhusu samaki au kuhusu watu, binti yangu huniuliza, "Baba, umetazama chini, au umetazama rangi tu?"

Nawe, msomaji, mara ya mwisho mwanao alipokuuliza "mbona", ulimjibu nini?