Guanajuato: Juu Rangi, Chini Fedha

Kabla hujaona hata rangi moja ya Guanajuato, unapita gizani kwanza. Stendi ya mabasi iko nje ya mji, na teksi niliyopanda iliingia kwenye handaki la mawe, handaki likazaa jingine, likapinda, likagawanyika njia panda humo humo chini ya ardhi. Nikaushika mkanda kwa mikono miwili. Dereva akanitazama kwenye kioo, akacheka, akasema kitu ambacho Kihispania changu cha miezi minne hakikukidaka.

Ningemwelezaje? Kwetu ni Mererani. Baba mdogo alikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite, na mvua za 1998 zilipojaza mashimo maji, yeye alikuwa chini. Wengine walitolewa. Yeye mpaka leo hajatolewa. Mimi na chini ya ardhi hatuelewani kabisa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba baadhi ya njia zile zilikuwa mkondo wa mto. Mto ulikuwa unapita katikati ya mji, na ukifurika unaua. Mafuriko ya 1905 wanayakumbuka hadi leo. Mwishowe wakauhamisha mto, na pale maji yalipokuwa yakipita sasa yanapita magari. Nilipoambiwa hivyo nikasema, basi, huu mji na mimi tuna jambo la kuzungumza.

Tulipochomoza juu, jamani! Nyumba zimepandiana mlimani kama watu wanaogombea kuona harusi: ya njano, ya waridi, ya buluu, ya rangi ya embe lililoiva. Kanisa kuu la njano liko katikati, na nyuma yake Chuo Kikuu cheupe na ngazi zake ndefu. Jina la mji limetoka kwenye lugha ya Wapurépecha, na maana yake ni mlima wa vyura. Mji uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usione aibu kusimama kila baada ya ngazi kumi kuvuta pumzi. Wenyeji wamezoea kuwaona wageni wakijifanya wanatazama mandhari.

Nisiwadanganye, kilichonipeleka ni kitabu. Ray Bradbury alifika Guanajuato mwaka 1945, akaona maiti zilizokauka za pale, akaondoka na hofu iliyomzalia hadithi. Niliisoma, nikataka kuona. Nikajiambia ni udadisi wa msomaji tu. Tena mji wenyewe ni wa wasomaji: kuna jumba la makumbusho la Don Quijote peke yake, na tangu 1972 kuna tamasha la kila mwaka lenye jina la Cervantes, ambaye hakuwahi kukanyaga Mexico. Mwandishi wao wenyewe, Jorge Ibargüengoitia, aliyezaliwa pale 1928, aliubatiza mji Cuévano kwenye riwaya zake akapata nafasi ya kuwacheka ndugu zake kwa amani. Na ukipita mtaa wa Positos utaiona nyumba alikozaliwa mchoraji Diego Rivera mwaka 1886.

Siku ya kwanza nilifanya yote anayofanya mgeni. Nilikaa Jardín de la Unión, bustani ya pembetatu yenye miti iliyokatwa ikashikana kama paa moja, nikitazama nguzo za Teatro Juárez. Nilipita Callejón del Beso, kichochoro chembamba ambako roshani mbili zinakaribia kugusana na wapenzi wanapanga foleni kubusiana kwenye ngazi ya tatu kwa ajili ya bahati. Mi nilikuwa peke yangu, nikapita haraka. Usiku nikafuata wanamuziki waliovaa majoho ya kizamani, wanakuzungusha vichochoroni kwa nyimbo na vichekesho. Nilicheka hata nisipoelewa.

Njaa ilinipeleka soko la Hidalgo, jengo la 1910 lenye mnara wa saa. Nikaagiza enchiladas mineras: chapati za mahindi zilizochovywa kwenye mchuzi wa pilipili nyekundu, ndani jibini, juu viazi na karoti. Mama muuzaji akanieleza ni chakula cha wachimbaji, wake zao ndio walikuwa wakiwapikia. Nilikula kimyakimya. Bibi alikuwa akimfungia baba mdogo makande kwenye kopo la plastiki.

Maana rangi zote hizi zimetoka shimoni. Mgodi wa La Valenciana ulikuwa miongoni mwa migodi tajiri kabisa ya fedha duniani katika karne ya 18, na karibu yake kuna kanisa la San Cayetano, lililokamilika 1788, madhabahu zake zimefunikwa dhahabu mpaka macho yanauma. Kiswahili kilishamaliza mambo: fedha ni madini, fedha ni pesa, neno moja. Hapo jirani kuna mdomo wa mgodi wa zamani ambao wageni wanavalishwa kofia ngumu wakashuka ngazi. Nilisimama pale, nikasikia ule ubaridi unaotoka chini. Sikushuka.

Lakini kwa maiti niliingia. Habari yake ni hii: familia zilidaiwa malipo ili ndugu yao aendelee kulala kaburini. Wasipolipa, mwili unatolewa. Tangu 1865 wakawa wanakuta baadhi ya miili haikuoza, imekauka tu humo kwenye vyumba vya ukutani. Leo ipo zaidi ya mia moja, na sisi tunakata tiketi. Familia ilikosa hela ya kumlaza mtu wao; mgeni anatoa hela kumtazama.

Nilijitayarisha kuona nyuso. Kilichonishinda ni soksi. Mmoja wao alikuwa amebaki na soksi tu, zimelegea kwenye vifundo vya miguu. Kuna mtu siku hiyo ya msiba alimvisha soksi ili asisikie baridi.

Na hapo, wasomaji wangu, nilipata wazo ambalo bado naona aibu kuliandika. Niliona wivu. Hawa walau wamepatikana. Bibi alimzika mwanawe kwa kuweka jiwe nyuma ya nyumba, akawa analifagilia kila asubuhi mpaka naye akaondoka. Kama angeambiwa, lipa tiketi umwone, angeuza ng'ombe.

Nikatoka. Nje wanauza pipi za sukari zilizosokotwa kwa umbo la maiti. Bibi mmoja akanipa kipande nionje. "Kula, mwanangu, ni tamu." Nikala. Ilikuwa tamu kweli.

Jioni nilipanda kwa miguu hadi kwenye sanamu ya El Pípila. Wanasema alikuwa mchimbaji, na tarehe 28 Septemba 1810, vita ya uhuru ilipoanza, alijifunga bamba la jiwe mgongoni kukinga risasi, akatambaa mpaka kwenye ghala la Alhóndiga walimojificha wakubwa, akauchoma mlango. Ukiwa pale mji wote uko miguuni pako, taa zinawaka moja moja, rangi zinazimika polepole.

Saa mbili usiku kule, kwetu saa kumi na moja alfajiri. Nilijua baba yuko zizini. Nikamtumia picha ya sanamu.

"Huyo kabeba nini?"

"Jiwe, baba."

Akakaa kidogo. Halafu: "Mchimbaji huyo."

"Ndiyo, baba."

"Umekula?"