Wageni wa Mlango wa Sabaki

Mwenye kutoka Malindi kwenda Mambrui huvuka daraja la mto Sabaki, na macho yake huwa mbele, penye shughuli yake. Sisi nasi tulilivuka daraja hilo miaka mingi bila ya kuuliza kuna nini kule chini, mto unapokutana na bahari. Mwezi wa Machi, kaskazi ilipokuwa ikilegea na masika hayajaanza, tuliwachukua wanafunzi wetu wa chuo tukaenda kutazama.

Tulifika maji yakitoka. Mto ulikuwa mwekundu kwa udongo wa bara, na matope yamejaa ndege kwa mamia. Wengi walikuwa vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni. Hawakutulia: walikimbia, wakadunga midomo yao topeni, wakatoa minyoo na vijidudu, wakakimbia tena. Wako miongoni mwao wenye mdomo mwembamba uliopinda chini. Hao twawajua kwa rangi ya kijivu, lakini siku hiyo baadhi yao walikwisha kuanza kuwa wekundu kifuani, mfano wa matofali mapya.

"Maalim, wanakwenda wapi?" aliuliza mtoto mmoja.

Hao wenye mdomo uliopinda huenda Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, mwendo wa zaidi ya kilomita 8,000. Huondoka kwetu Aprili au mwanzo wa Mei, wakafika kule theluji inapoyeyuka mwezi wa Juni, wakati jua halitui usiku na wadudu ni tele. Hutaga mayai chini, na baada ya muda mfupi wazazi hutangulia kurudi kusini. Watoto hufuata baadaye peke yao, kwa njia wasiyopata kuipita. Na ndege mwenye kufanya hayo yote uzito wake haufiki gramu 100.

Tulipokuwa tukieleza, kundi zima liliruka ghafla. Tuligeuka, tukamwona kijana wetu mmoja ana manati mkononi.

"Jiwe halikumpata hata mmoja, Maalim," alisema upesi.

Tulimjibu kwamba limewapata wote. Ndege hana mkoba wa kuchukulia masurufu. Chakula chake cha njiani ni mafuta anayoyaweka mwilini katika wiki hizi za mwisho. Maji yakijaa, matope hufunikwa. Basi ana saa chache tu za kula kila maji yanapotoka. Kila anaporushwa hupoteza wakati huo, na huitumia akiba ile ile aliyoitafuta. Akiondoka na upungufu huenda asifike, wala hapana atakayejua ni jiwe gani lililomwua.

Kijana alinyamaza. Sisi nasi tuliona haya, maana katika umri wake tulifanya kama yeye, wala hapana mkubwa aliyetueleza. Twawakemea watoto kwa kutojua, na elimu yenyewe hatukuwapa.

Juma la pili tulirudi. Yule kijana ndiye aliyewaongoza wenziwe wapite nyuma ya vilima vya mchanga, wasiwatishe ndege. Mwanzoni mwa Mei matope yalikuwa karibu matupu. Waliobaki ni wachache, na wengi wa wanaobaki hivyo ni wale wa mwaka wa kwanza, ambao hukaa huku mpaka wakomae.

Surat al-Mulk, katika aya ya 19, yatuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu. Nasi twaongeza neno moja kwa wazazi. Mtoto naye ana siku zake chache za kuweka akiba, nazo ni hizi za chuoni na shuleni. Tusimrushe huku na huko kwa kazi zisizo na lazima, kisha tukashangaa akishindwa safari. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenyeji wema, kwa wageni wetu na kwa watoto wetu. Amin.