Kitabu Kipigwe Chapa Wapi?

Mzee mmoja wa Mtongwe, upande wa Likoni, aliyekuwa karani bandarini kwa miaka mingi hata akapata kiinua mgongo chake, ana madaftari manne aliyoyajaza kwa mkono. Ndani yake ameandika habari za asubuhi ya tarehe 29 Aprili, 1994, siku ambayo feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa maji, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini kisiwani. Magazeti yaliandika msiba huo. Lakini magazeti huandika hesabu, na mzee ameandika watu: nani alikuwa fundi cherehani, nani alikuwa na arusi mwezi uliofuata, nani alirudi nyumbani kuchukua mwavuli akaikosa feri, akapona. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, na kila aliyemweleza habari zake alimwuliza naye neno moja: "Kitabu kitatoka lini?"

Swali hilo ndilo lililomwondolea usingizi. Kuandika alikujua, maana miaka yake yote aliishi kwa kalamu. Lakini namna ya kuyatoa maneno katika daftari yakawa kitabu hakuijua, na kila aliyemtaka shauri alimpa lake. Mpwa wake, mwalimu huko Kisauni, alimwambia, "Mjomba, peleka Nairobi kwa kampuni ya kutoa vitabu. Wakikipenda, gharama ni yao." Jirani yake wa zamani, aliyehamia Changamwe, alimwambia aende kwa mpiga chapa mjini, alipe, achukue vitabu vyake aondoke. Kijana mmoja alisema hapana haja ya karatasi, kitabu huwekwa katika intaneti na watu wakakisoma katika simu. Huyu wa mwisho alishukuriwa kwa adabu. Kina mama waliofiwa wanataka kitu cha kushika mkononi.

Yafaa kueleza hapa jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Mpiga chapa ni fundi: humpa mtu alichokilipia, na kitabu kikinunuliwa au kisinunuliwe, hiyo si shughuli yake. Mtoa vitabu ni mfanyi biashara anayetia fedha yake mwenyewe: hukisoma kitabu, hukisahihisha, hugharimia chapa, hukiuza, kisha humpa mtungaji fungu lake katika bei, mara nyingi kama shilingi 10 katika kila 100. Ajiitaye mtoa vitabu naye amtaka mtungaji alipe gharama zote, huyo ni mpiga chapa aliyevaa kanzu ya mwenzake.

Mwalimu alikuwa na hoja nzuri, tena ilikuwa karibu na mlango wake. Anakaa si mbali na Kengeleni, mahali palipoitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya Freretown, mji uliojengwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. James Mbotela alikuwa mwana wa mmoja wa watu hao, na habari za wazee wake alizitungia kitabu, Uhuru wa Watumwa. Kilitolewa London mwaka 1934 na Sheldon Press, kampuni ya chama cha Kanisa la Kiingereza cha kueneza maarifa ya Kikristo. Baadaye kampuni ya Nelson ilikitoa tena, na mwaka 1956 ikatoka tafsiri ya Kiingereza. "Lau Mbotela angalikifungia kitabu chake Kisauni," alisema mwalimu, "nani angalimjua leo?"

Ni kweli, ila si kweli yote. Safari ya London ilikuwa na nauli yake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe ulikata shauri kwamba Kiswahili cha vitabu kifuate Kiunguja, na tangu 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikawa inavipima vitabu. Mwana wa Mombasa aliyetaka kusomwa shuleni ilimbidi aiweke kando lahaja ya nyumbani kwao. Tena wasomaji wa miaka ya baadaye wamekilaumu kitabu cha Mbotela kwa kuwasifu mno Waingereza na kuwatwika Waarabu mzigo wote wa lawama. Ni kiasi gani cha hayo kilitoka katika moyo wa mtungaji mwenyewe, na kiasi gani ni hewa ya nyumba iliyokitoa, kila msomaji ataamua. Lakini kampuni ya dini iliyoko London haikuwa imekaa ikingojea kitabu cha kuwalaumu Waingereza.

Mzee mwenyewe humpenda zaidi Shaaban Robert wa Tanga, kwa kuwa naye alikuwa karani wa Serikali. Huyu aligonga milango mingi: Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg, na Macmillan, na Nelson waliotoa Kusadikika mwaka 1951. Alipokufa mwaka 1962 aliacha miswada ambayo haijatoka. Kufikirika ilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Hata Krapf, ambaye kaburi la mkewe liko Nyali tangu 1844, kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, na mwenyewe amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Mzee amepita miaka sabini. Aliposikia habari hizo alihesabu kwa vidole, akanyamaza.

Katika jambo la lugha, mlango umekwisha kupanuliwa. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1971, na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mwaka 1973, ziliachwa katika Kimvita chake, na hiyo ya pili ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Basi mzee aliyaacha maneno ya watu wa Mtongwe kama walivyoyasema.

Akapeleka sura tatu Nairobi. Jibu lilikuja baada ya miezi minane, nalo lilikuwa la heshima. Kampuni ilipendezwa. Ilitaka kitabu kipunguzwe kiwe nusu, majina ya marehemu yaondolewe, abuniwe mtoto mmoja aliyeokoka ili asimulie habari yote, na kila sura imalizike kwa maswali ya darasani. Barua hiyo haikuwa na ubaya ndani yake. Katika Kenya mnunuzi mkubwa wa vitabu ni shule, na kampuni isiyouza shuleni ni shida kudumu.

Mwalimu alifurahi sana. "Mjomba, watoto wa nchi nzima watakisoma!"

"Mwanangu," mzee akajibu, "watasoma habari za mtoto asiyekuwako. Majina ndiyo kitabu."

Mwalimu hakuwa na la kujibu, ingawa hakuwa amekosea. Kitabu chenye majina ya watu wa Mtongwe huenda kisipite Mariakani, na mtoto wa Kitale atakua asijue kwamba feri ile ilipata kuwako. Mzee alilijua hilo. Alikaa na barua ile siku kumi, kisha akaandika kushukuru na kukataa.

Ilibaki njia ya mpiga chapa, na hapo jirani wa Changamwe alimfaa kwa msiba wake mwenyewe. Yeye aliwahi kulipa fedha yote mbele ili kitabu chake cha hadithi kipigwe chapa, akaletewa vitabu elfu moja, kurasa za katikati zimepinduka kichwa chini. Mpaka leo maboksi yako chini ya kitanda, na mchwa wamekwisha soma zaidi ya wanadamu. Mzee, kwa hiyo, alihesabu nyumba kabla ya kuhesabu vitabu, akaona 300 vyatosha. Alilipa theluthi tu, na kuweka sharti kwa maandishi kwamba hakipigwi hata kimoja mpaka azione kurasa za kujaribia na kutia sahihi. Aliomba namba ya kitabu kutoka Maktaba ya Taifa, akatenga nakala mbili za kumpelekea Msajili kama sheria ya Kenya inavyotaka. Haki ya kitabu amejiwekea mwenyewe. Kwa sheria ya mwaka 2001 itakaa kwa warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake, na mpwa wake akitaka kukitolea kitabu cha shule kwa madaftari yale yale, hapana wa kumzuia.

Kurasa za kujaribia zililetwa wiki iliyopita. Mzee alizisoma mara mbili kwa rula, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akikagua hati za shehena bandarini. Katika jina la msichana mmoja, chapa ina herufi moja zaidi ya daftari. Hakuiamini chapa, wala hakuliamini daftari lake. Alivaa kofia, akatia ukurasa ule katika bahasha, akashika njia kwenda kwa mama wa marehemu kumwuliza jina la bintiye huandikwaje.