Mandawa: Nilikwenda na Penseli, Nikarudi na Adabu

Kila mtu ana ugonjwa wake. Wangu mimi ni kuchora. Sizungumzii picha za kutundika sebuleni, hapana. Nachora vitu vya kila siku: kikombe kilichovunjika mkono, abiria aliyesinzia kwenye daladala, viatu vya mume wangu mlangoni. Nikimaliza napiga picha kwa simu na kutupia kwenye kundi la wachoraji mtandaoni, ambako watu nisiowajua wa Ureno, Brazil na Korea nao wanatupia vikombe vyao. Ndiyo starehe yangu. Mwenzangu ana mpira, mimi nina penseli.

Sasa kama na wewe uko kwenye ndoa, si unajua tena: starehe ya mmoja huwa kero ya mwingine. "Watu wa Brazil unawasikiliza kuliko mimi," alinitania siku moja, na utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Kwa hiyo aliposema Juni twende kwao Mandawa, wilayani Ruangwa, tukawasaidie wazee msimu wa ufuta, nilikubali hata kabla hajamaliza sentensi. Nilitaka kumfurahisha. Kusema kweli, nilitaka pia michoro mipya.

Kusini si mbali tena

Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni takribani kilomita 450. Wazee wa kusini watakusimulia jinsi safari hiyo ilivyokuwa ikila siku kadhaa, hasa masika, magari yakipanga foleni kusubiri pantoni pale Ndundu ili kuvuka mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, foleni ile ikabaki hadithi. Sisi tulipanda basi la alfajiri. Nilichora njia nzima, mstari ukiruka kila penye tuta, na pale Somanga nikamchora muuza samaki akinyanyua sahani hadi dirishani. Mume wangu alimnunua samaki, mimi nikamnunua kwa penseli. Tukacheka.

Ukishapita Lindi mjini unaiacha bahari mgongoni. Unapita Mnazi Mmoja, unapita Mtama, na pale Nanganga unaiacha barabara ya Masasi na kushika ya Ruangwa. Hapo ndipo mikorosho inapoanza kukusindikiza kulia na kushoto. Ni nchi ya Wamwera, watu wa korosho, mbaazi na ufuta. Mazao hayo huuzwa kupitia ushirika, na chama kikuu chao kinaitwa RUNALI, jina lililoungwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Ngoja nikupe na jingine ambalo sikulijua kabla. Ile nyeusi iliyo katikati ya penseli si risasi, ingawa Wazungu waliidhani hivyo kwa miaka mingi. Ni madini yanayoitwa kinywe, yaliyosagwa na kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi. Ufundi huo ulibuniwa na Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, mwaka 1795. Na Ruangwa ni moja ya wilaya za nchi hii zenye hazina kubwa ya kinywe. Wanaokitafuta siku hizi wanakitaka zaidi kwa ajili ya betri za magari ya umeme, lakini mimi niliposhuka pale na penseli yangu sikioni nilijiona kama nimerudisha mtoto kwao.

Ufuta hauna subira

Kama hujawahi kuona ufuta unavyovunwa, twende pole pole. Mashina hukatwa, hufungwa mafungu, kisha husimamishwa yakiegemeana mpaka vikonyo vikauke na kufunguka midomo. Midomo inatazama juu, kwa hiyo ukilaza fungu kwa uzembe tu, pesa yako imemwagika chini. Yakishakauka yanapinduliwa juu ya turubai na kupigwa fimbo. Mbegu zinatoka kama mvua. Halafu ndipo unapoingia ungo.

Mama mkwe wangu na ungo, jamani! Anaurusha ufuta juu, takataka zinakwenda na upepo, mbegu zinarudi zote mahali pake. Alikuwa amevaa khanga iliyopauka na fulana ya kampeni iliyotoboka begani. Jasho linamtoka. Nilikaa chini ya mkorosho nikamchora kwa dakika kama ishirini, na nakuapia, ulikuwa mchoro bora kuliko yote niliyowahi kuchora. Mume wangu akaja kuchungulia, akasema, "Huyu ni mama kabisa."

Jioni nikapanda kichuguu mtandao unaposhika, nikatupia. Mpaka nalala, pongezi zilikuwa zinamiminika. Mama mmoja wa Lisbon akaandika kwamba mikono ile inaonekana kama inatikisika. Nililala na furaha yangu.

Asubuhi yake mtoto wa wifi yangu akafungua simu na kumwonyesha bibi yake.

Wageni bila taarifa

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Chakula kilipoiva aliwaita wote kwa majina, mimi hakuniita. Nikajua hapa kuna jambo. Mume wangu akaenda kuuliza, akarudi uso umebadilika. "Ni ile picha," akasema. "Amesema umemwanika."

Mara moja nikaanza kujitetea. Ujue wachoraji wa mtindo huu tuna miiko yetu. Mwaka 2007, Gabriel Campanario, mwandishi wa habari na mchoraji kutoka Hispania aliyekuwa akiishi Seattle, Marekani, alianzisha kundi la watu wanaochora miji yao wakiwa palepale mahali penyewe. Wakajiita Urban Sketchers, na leo wana matawi katika nchi nyingi. Ilani yao ina vipengele nane: chora ukiwa mahali hapo, kwa macho yako, kuwa mkweli kwa ulichokiona, chora na wenzako, shirikisha michoro yako mtandaoni, na kadhalika. Nilikuwa nimevishika kama amri. Fulana ilikuwa imetoboka, nikaichora imetoboka. Kosa langu liko wapi?

Mume wangu akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Katika hivyo vinane, kuna cha kumwomba ruhusa unayemchora?"

Hakuna. Nimevipitia tena na tena, hakuna. Labda kwa anayechora mgahawani Seattle au Lisbon haina shida, maana aliye meza ya pili hatajiona na wala hawatakutana tena. Lakini Mandawa hakuna mtu wa meza ya pili. Kila niliyemchora alikuwa mama wa mtu, bibi wa mtu, na yule niliyemchora ndiye aliyenipikia usiku ule.

Kitu kimoja nitakishukuru siku zote. Mwenzangu hakuniacha niende peke yangu. "Nilikuona unamchora, nikafurahi tu," akasema. "Na mimi sikukuambia uombe. Twende wote."

Tukamkuta amekaa mkekani anachambua mbaazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Kimya. Kisha akaweka mbaazi chini.

"Mwanangu, hao watu uliowapelekea mimi, wananijua?"

"Hapana, mama."

"Mgeni akija kwangu nafagia uwanja kwanza. Natandika mkeka, navaa khanga yangu nzuri. Wewe umeniletea wageni wote hao kwa siku moja, na mimi uso sijanawa."

Msomaji wangu, nilikosa pa kuuficha uso. Nilimwomba radhi kwa magoti. Nikaufuta mchoro mbele yake, kidole changu kikitetemeka, maana nilikuwa naupenda. Nikamwambia na ukweli uliobaki: kwamba waliokwisha kuuhifadhi kwenye simu zao siwezi kuwanyang'anya. Akafikiri kidogo. "Basi hao tuwaachie Mungu," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Kikao cha pili

Kesho yake alikuja mwenyewe. Ameoga, amejifunga doti mpya, kilemba kimekaa. "Nichore sasa." Nilimchora karibu saa mbili, na hakukaa bure. Kila baada ya muda aliomba kuona. Pua akaikubali. Ungo akaukataa. "Huu umechora sahani. Ungo wangu una ukingo, na ukingo umeshonwa. Tazama." Akanishikisha vidole vyangu kwenye mshono, mmoja mmoja. Nikafuta, nikaanza upya. Kumbe siku ile ya kwanza, pamoja na sifa zote za Lisbon, sikuwa nimeuona ungo!

Watoto wakajaa mgongoni. Mmoja akachukua mkaa na kuanza kumchora bibi ukutani, mwingine akaniuliza kama kuchora ni kazi au mchezo. Nikamsimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini kama wao, mzaliwa wa Tunduru, aliyekwenda Dar es Salaam na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya mbao kwa rangi za kawaida za madukani. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unabeba jina lake mpaka leo. Yeye alikaa na kazi zake kando ya barabara, na mnunuzi alisimama mbele yake. Mtoto akasema basi atachora ng'ombe.

Mchoro ulipokamilika nilimuuliza mama, safari hii kwa mdomo wangu: nifanye nini nao?

"Huu ni wangu," akasema. "Utatundikwa ndani. Wao wapelekee ungo."

Nikauchora ungo peke yake, na mshono wake wote, nikautupia. Yule mama wa Lisbon akauliza kile ni kitu gani. Mama mkwe akajibu mwenyewe, mimi nikiandika: ni cha kutenga mbegu na takataka, na ufuta ukiwa na takataka bei inashuka.

Na wewe ukitaka kujaribu

Huhitaji vifaa vya gharama. Penseli, daftari lisilo na mistari, kichongeo, basi. Mkienda kusini nendeni Juni au Julai mkaone ufuta, au Oktoba kwa ajili ya korosho. Chora kitu kimoja kila siku, hata kibaya. Mwonyeshe kwanza uliyemchora, simu baadaye. Akisema hapana, hapana hiyo ina uzito kuliko pongezi mia. Na kama mwenzi wako hachori, mpe kazi ya kukuulizia ruhusa. Wangu ameifanya vizuri kuliko mimi, na tangu hapo sijasikia habari za watu wa Brazil.

Nimalizie na hii. Siku ya kurudi nilipitiwa na usingizi kwenye basi. Nilipoamka, mume wangu ameshika daftari langu na penseli yangu, anatabasamu peke yake. Alikuwa amenichora nimelala, mdomo wazi, kilemba kimeanguka begani. Mchoro mbaya, lakini ni mimi kabisa.

"Niitupie?" akauliza.

"Thubutu!"