Nilizima masasisho, shangazi akashukiwa wizi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo narudi na jambo ambalo nimeliahirisha kwa miaka. Wengi huniuliza kama kweli kuna haja ya kusasisha mfumo wa kompyuta, maana masasisho yanakula data na huja wakati mtu ana haraka. Jibu langu ni ndiyo. Badala ya kuwahubiria, nitawaeleza nilivyojifunza, ingawa si hadithi ya kujivunia.

Shangazi yangu ana duka dogo Naivasha la kupiga chapa, kutoa fotokopi na kujazia watu fomu za mtandaoni. Mwaka 2016 alikuwa na kompyuta tatu za Windows 7, na fundi wake nilikuwa mimi. Siku moja akanipigia simu: "Mwanangu, hizi mashine zinanimalizia data. Nimeweka jana, leo asubuhi hakuna kitu, na sijafungua hata barua pepe moja."

Nikaenda Jumapili. Kumbe kila kompyuta ilikuwa ikishusha masasisho yake peke yake, yaani mzigo ule ule mara tatu! Nikafungua mipangilio, nikachagua masasisho yasitafutwe kamwe, nikarudia kwa zote. Dakika kumi tu. Data ikaacha kuisha ovyo, shangazi akanipikia kuku na chapati, nami nikarudi Nairobi nikijiona fundi kweli kweli.

Ijumaa tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa duniani. Hakikumngoja mtu abonyeze kitu. Kikiingia kwenye kompyuta moja, kilitafuta jirani zake mtandaoni na kuwaingia pia, kisha kufunga mafaili na kudai fidia. Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi na kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Nilisoma habari hizo ofisini, nikawaeleza wenzangu kwa madoido, wala duka la Naivasha halikunijia akilini.

Jumatano iliyofuata simu ikalia. "Mwanangu, kompyuta zinataka pesa."

Dirisha jekundu lilikuwa kwenye skrini zote tatu, na saa inahesabu kurudi nyuma. Walitaka dola 300 kwa bitcoin, kama shilingi elfu thelathini hivi wakati huo, na baada ya siku tatu bei ingekuwa maradufu. Asubuhi hiyo mteja alikuwa ameleta laptopu yake, wakaiunganisha na mtandao wa duka ili apige chapa. Tena kuna jambo linaloniuma hadi leo. Mtafiti mmoja wa Uingereza, Marcus Hutchins, alikuwa amegundua kwamba kirusi kikianza kazi huulizia anwani fulani ya wavuti, na kikijibiwa hujizima. Aliisajili anwani hiyo siku ile ile ya Ijumaa, na madhara yakapungua sana. Lakini kompyuta isiyo na intaneti haiwezi kuifikia anwani yoyote. Na shangazi, kwa ushauri wangu, alikuwa na tabia ya kuzima modemu ili kuokoa data.

Hatukulipa. Nilifuta kila kitu, nikaweka mfumo upya. Kazi za wateja nyingi ziliweza kuchapwa tena. Kisichoweza kurudi ni faili moja ya hesabu za chama.

Shangazi alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama 14, na faili hiyo ilikuwa na mikopo na malipo ya miaka mitatu. Hebu fikiria umesimama mbele ya watu waliokuamini na pesa zao, unawaambia kwamba hesabu zote zimefungwa na mtu usiyemjua aliye nchi usiyoijua. Wengine walimwonea huruma. Wengine walinyamaza, na kimya hicho yeye alikielewa. Mmoja alisema waziwazi kwamba hesabu hupotea pale tu anayeziweka anapotaka zipotee.

Ilichukua wiki sita kuzijenga upya, kwa jumbe za M-PESA zilizobaki kwenye simu za wanachama na daftari kuukuu. Mwishoni shilingi 4,500 hazikupata maelezo. Shangazi akazilipa mfukoni mwake, kisha akajiuzulu. Mimi sikuambiwa. Nilisikia kwa binamu yangu mwaka mmoja baadaye.

Sasa sikieni sehemu ya kiufundi. Kiraka cha ufa huo Microsoft ilikuwa imekitoa tarehe 14 Machi 2017, siku 59 kabla ya WannaCry. Windows 7 ndiyo iliyoumia zaidi, wala si XP kama wengi walivyodhani, na kiraka chake kilikuwepo bure. Sisi tunaoandika programu tunajua kwamba kiraka kikitoka, kinaziba ufa kwa aliyekiweka na kuuonyesha kwa wengine wote. Mtu huchukua faili ya zamani na mpya, huzilinganisha, na palipobadilika ndipo palipokuwa na ufa. Safari hii wezi hawakuhitaji hata kazi hiyo, kwa sababu tarehe 14 Aprili kikundi kinachojiita Shadow Brokers kilimwaga mtandaoni zana ya kupitia ufa huo, iliyotoka shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Kwa hiyo kuchelewa hakukuachi pale ulipokuwa jana. Kila siku unayongoja, wanaoujua mlango wako wanaongezeka.

Shida ya shangazi ilikuwa data, na nilipaswa kuitibu hiyo. Kwenye Windows 10 na 11 kuna mpangilio wa kuruhusu kompyuta moja ishushe sasisho, kisha zilizo kwenye mtandao mmoja nazo zichote kwake. Unaweza pia kuuambia mfumo kwamba laini yako inalipiwa kwa kipimo, halafu ukachagua usiku mmoja kwa wiki, penye data ya bei nafuu, wa kushusha yote. Na mafaili muhimu yawe na nakala kwenye diski ya nje ambayo huchomolewa ukimaliza, kwa sababu iliyobaki imechomekwa hufungwa pamoja na mengine.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta mbili za shangazi hazikidhi masharti ya Windows 11. Nimeziwekea Linux Mint, ambayo ni bure na bado inapata viraka. Analalamika kwamba barua za wateja hubadilika mpangilio kidogo, na ni kweli, lakini amezoea.

Nilipomaliza nilimwomba msamaha, miaka minane kwa kuchelewa. Akanitazama, akauliza, "Kwani hiyo ya kuzima, ulizima wewe?" Hakuwa akijua. Muda wote alidhani kosa ni lake.

Basi wasomaji, leo kabla hamjalala fungueni mipangilio mwangalie. Na kama kuna mtu ambaye ninyi ndio mafundi wake, mpigieni.