Kwa Sababu Gani Tuliacha Chaki

Tangu tulipotoka katika kazi ya ualimu na kuingia chuo cha udaktari, watu wengi wametuuliza swali moja: Mwalimu, chaki ilikukosea nini? Wengine wameuliza kwa kucheka, wengine kwa huzuni, na mzee mmoja wa kanisa alituuliza kwa ukali. Kwa kuwa hatuwezi kumjibu kila mtu njiani, twaomba nafasi katika gazeti hili tuwajibu wote pamoja: ni nini kilichotutoa, tumejifunza nini katika miaka hii miwili, na kazi gani twaitumaini.

Kwanza yafaa mjue ya kuwa hatukuuchukia ualimu. Tulifundisha baiolojia na kemia miaka minne katika shule ya sekondari ya kata, na kazi ile ilitupa heshima na furaha. Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na kazi nyingine, ya zamani kuliko chaki. Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa mkunga wa jadi. Watu wa vijiji vitatu walimwita usiku na mchana, naye alikwenda na kitambaa safi, na wembe mpya, na sala. Watoto aliowapokea hakuwahesabu. Lakini wanawake waliomfia mikononi aliwahesabu, nao walikuwa watano. Aliwajua kwa majina yao na majina ya waume zao, na mwaka wa kufa kwao aliutaja kwa mavuno yake. Watatu katika hao walikufa kwa kutokwa na damu baada ya mtoto kuzaliwa salama. Bibi husema, "Mtoto alilia, sote tukafurahi, na kabla vigelegele havijanyamaza mama yake alikuwa amekwenda."

Siku moja alituuliza, "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Nieleze, damu ile hutoka wapi hata isizuilike?" Sisi tulikuwa tukichora moyo ubaoni na kutaja mishipa yake mikubwa, lakini jibu la swali lile halikuwamo katika kitabu cha shule. Swali lile halikututoka tena. Ndilo lililotufanya tuzitoe karatasi zetu za kidato cha sita na kuomba nafasi chuoni.

Sasa tumjibu mzee wetu wa kanisa. Alituambia hivi: "Binti yangu, watoto mia mbili wakutegemea kwa sayansi. Wawaacha wote ili uwe daktari mmoja, tena baada ya miaka mingi. Hesabu hiyo umeifanyaje?" Maneno yake ni ya haki, wala hatutaki kuyafunika kwa maneno matamu. Baada ya sisi kuondoka, shule ilikaa bila mwalimu wa kemia mihula miwili, na kidato cha nne kilikuwa kikikaribia mtihani. Kwa hiyo kila likizo twarudi na kufundisha majuma matatu bila ujira. Hatusemi ya kuwa deni limekwisha. Twasema twalijua, na twalilipa kidogo kidogo.

Chuoni jambo la kwanza tulilojifunza ni kukaa. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa na kuamkiwa na watoto wote, si rahisi kwake kukaa kwenye benchi pamoja na vijana wa miaka kumi na tisa, na kuona ya kuwa wengi wao ni wepesi kuliko yeye. Wao walituita Mwalimu, lakini usiku walipojifunza kwa makundi, wao ndio waliotufundisha. Tuliona ya kuwa unyenyekevu si wimbo wa kuimba Jumapili tu. Ni chombo cha kazi, kama kalamu.

Masomo ya udaktari katika nchi yetu ni ya miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa. Naye atakaye kuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake sharti asome miaka mingine mitatu au zaidi baada ya hapo. Miaka miwili ya kwanza ni ya vitabu na maabara hasa. Humo twajifunza viungo vya mwili, na kazi ya kila kiungo, na kemia ya damu na chakula. Viungo twavisoma katika miili ya watu waliokwisha kufa. Wengine mtashtuka, nasi tulishtuka. Lakini mafunzo yake hufanywa kwa heshima. Hatusemi maneno ya mzaha mbele yao, maana twawaona kuwa ni walimu wasiosema, waliotoa funzo la mwisho walilokuwa nalo.

Jambo la pili lilitupata kwa njia ya lugha. Masomo yote ni kwa Kiingereza. Likizo ya kwanza Bibi alitutaka tumweleze tuliyosoma, nasi tukaona ya kuwa maneno tuliyoyaandika vizuri katika mtihani hayakutaka kutoka kwa Kiswahili. Tangu hapo tumejiwekea sheria: jambo lisiloweza kuelezwa kwa Bibi, hatujalielewa bado. Kila jioni huchagua somo moja na kuliandika kwa Kiswahili, kana kwamba twamwandikia yeye barua. Sheria hiyo imetufaa kuliko vitabu vingi, na twaamini itawafaa wagonjwa wetu baadaye.

Hata likizo ya mwaka wa pili tulikuwa tayari na jibu lake. Tulimwambia: "Bibi, mwanamke mzima ana damu ya kadiri ya lita nne au tano. Mimba ikikomaa, mishipa hupeleka katika mji wa mimba damu ya nusu lita na zaidi kwa kila dakika, ili mtoto apate chakula na pumzi. Mtoto akiisha kuzaliwa na kondo la nyuma kubanduka, midomo ya mishipa ile hubaki wazi. Kinachoifunga ni nyama ya mji wenyewe. Nyuzi zake zimepishana kama ukili uliosukwa, na mji unapojikaza, nyuzi huibana mishipa ipitayo kati yake. Mji usipojikaza, damu humwagika, na mama aweza kufa kwa muda wa saa mbili au chini yake."

Kisha tukamweleza ya kuwa Mungu ameweka katika mwili dawa ya kuukaza mji huo. Jina lake ni oksitosini, nayo hutoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mtoto anyonyapo titi, dawa hiyo huzidi kutoka. Bibi aliposikia hayo akasema, "Basi kumweka mtoto titini upesi, kama alivyonifundisha mama yangu, hakukuwa upuzi." Tukajibu, "Ulikuwa ukifanya vyema, Bibi." Akakaa kimya, kisha akauliza, "Na wale watatu?"

Hapo ilitupasa kusema kweli yote. Kunyonya peke yake hakutoshi kila mara. Mwaka 1906 mtaalamu wa Uingereza, Henry Dale, aliona ya kuwa maji ya tezi ile huukaza mji wa mimba. Na mwaka 1953 mtaalamu wa Marekani, Vincent du Vigneaud, aliweza kuitengeneza dawa yenyewe maabarani, hata akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Tangu hapo yapatikana ya kuchomwa kwa sindano, ila yapasa itunzwe baridini isiharibike. Bibi alianza kazi yake baada ya miaka hiyo. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe dawa ilikuwako duniani. Ila haikupanda mlima wetu."

Ndugu wasomaji, neno hilo limekuwa kwetu kama wito. Wataalamu wamekwisha kutafuta, na dawa nyingi zimekwisha kupatikana. Kazi iliyobaki kwa watu kama sisi ni kuzipandisha mlimani.

Twajua ya kuwa wengine wataona haya kusoma mambo haya gazetini. Lakini Maandiko hayakuona haya. Yataja kufa kwa Raheli alipomzaa Benyamini njiani. Yataja wakunga Shifra na Pua waliomcha Mungu kuliko Farao. Na mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, Bwana wetu alimwita mbele ya mkutano wote, wala hakumwacha aende zake kwa siri. Aibu imeua wanawake wengi, maana ugonjwa usiotajwa hautibiwi.

Katika magonjwa ya namna hiyo liko moja lituumizalo sana moyo, ndilo fistula. Mwanamke akishikwa na uchungu siku mbili au tatu bila kuzaa, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama kwenye mifupa ya nyonga, damu isipite, hata nyama ile ife na kutoboka. Mara nyingi mtoto hufa. Mama hubaki akivuja mkojo mchana na usiku, na watu humkimbia kwa harufu, wengine wakisema amelaaniwa. Si laana, ni tundu, na tundu hushonwa. Matengenezo hayo hufanywa katika hospitali kadhaa za nchi yetu.

Huko Ethiopia walifika mwaka 1959 daktari Reginald Hamlin na mkewe Catherine, naye daktari, nao mwaka 1974 walifungua Addis Ababa hospitali ya wanawake wenye fistula. Bibi Catherine alifanya kazi huko hata uzeeni, akafa mwaka 2020 akiwa na miaka 96. Lakini atushangazaye zaidi ni Mamitu Gashe, msichana wa shamba asiyejua kusoma, aliyeletwa kwao mwaka 1962 akiwa mgonjwa wa fistula. Alipotibiwa alibaki kusaidia kazi, akitandika vitanda, kisha akashika vyombo, na mwisho akawa mpasuaji mwenyewe, hata madaktari wenye vyeti wakaja kujifunza kwake. Tukichoka usiku juu ya vitabu, twamkumbuka yeye. Na tukianza kujivuna, twamkumbuka vilevile. Kwetu Afrika Mashariki twamkumbuka pia Josephine Nambooze wa Uganda, aliyehitimu Makerere mwaka 1959 na kuwa daktari mwanamke wa kwanza wa nchi zetu hizi.

Basi tumaini letu ni hili: tukimaliza, tukiwa hai, kufanya kazi katika hospitali ya wilaya, si katika mji mkubwa, kuzalisha, na kupasua inapobidi, na kuwafundisha wakunga. Tena twataka kuwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi kabla haijakua. Kipimo chake chaweza kuwa chepesi: hupakwa siki iliyochanganywa na maji, na mahali penye dalili hugeuka peupe. Tena tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania wapewa chanjo ya kuwakinga na kirusi kiletacho saratani hiyo. Wazazi, msiwafiche binti zenu siku ya chanjo.

Wala msidhani kazi hii haina matunda. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walikufa kwa ajili ya uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Twamshukuru Mungu, na wauguzi, na wakunga, na wote waliojenga zahanati na barabara. Hata hivyo mmoja katika hao 104 aweza kuwa dada yako.

Mwisho twaomba neno kwenu, maana daktari peke yake hawezi. Wataalamu hufundisha ya kuwa mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa njiani, na kuchelewa kutibiwa akiisha kufika. La tatu ni juu yetu sisi wa hospitali. Mawili ya kwanza ni juu yenu. Mume asisafiri mwezi wa kuzaa bila kuacha ruhusa na fedha za njia. Afadhali ruhusa hiyo itolewe mapema, isingojewe simu. Kila jumuiya iweke akiba ndogo ya kukodi gari au pikipiki usiku. Watu wawili au watatu wa nyumba wawe tayari kutoa damu. Na wakunga wa jadi, kama Bibi yetu, wawe wa kwanza kumshika mama mkono na kumpeleka zahanati mapema, maana wao ndio waaminiwao.

Na kama katika nyumba yako yuko binti apendaye hesabu na sayansi, usimwondoe shuleni. Shule yetu ya kata ingali yahitaji walimu, na hospitali zahitaji waganga. Wote hao watoka katika madarasa yale yale. Mwaka huu, katika wale tuwafundishao likizoni, wasichana sita wamechagua kemia kwa hiari yao. Tuombeeni sisi, mkawaombee na hao.